Watoto wa Tanga watembezwe bonde la Zigi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi Julai. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga mjini. Kwa zaidi ya miaka 30 nimewafundisha watoto kwamba maji tunayokunywa yanatoka Mto Zigi, yanakusanywa Bwawa la Mabayani, yanasafishwa, kisha yanaingia kwenye mabomba. Mto huo nimeuchora ubaoni kwa chaki ya buluu mara nisizoweza kuhesabu. Lakini kule juu unakotoka sikuwahi kukanyaga, hadi mjukuu wangu wa miaka 9 alipokuwa ananisomea daftari lake akaniuliza: "Bibi, huo mto wewe umeuona?"

Sikuwa na jibu. Wiki mbili baadaye tukapanda basi la Muheza, yeye, mimi na jirani yangu ambaye naye ni mtu mzima. Muheza tukanunua machungwa, tukabadili gari, tukateremka Zigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Pale pana nyumba ya zamani iliyokuwa ya mkuu wa stesheni enzi za Mjerumani, maana zamani reli nyembamba ilifika hapo kutoka Tengeni kufuata magogo. Reli haipo tena. Nyumba imebaki, na siku hizi wageni hupokelewa humo. Tulijiandikisha, tukapewa kijana wa kutuongoza, tukaanza safari.

Nataka wasomaji wenye umri kama wangu wanielewe vizuri: hatukupanda mlima. Watu wakisikia Usambara wanafikiri ni lazima upande hadi mapafu yakatike. Hifadhi ile inaanzia chini kabisa, mita 190 hivi kutoka usawa wa bahari, inapanda hadi mita 1,130, na sisi tulibaki huku chini kandokando ya maji. Goti langu la kushoto lina maumivu ya miaka mingi. Nilitembea na fimbo, tukapumzika kila nilipotaka, na kwa saa tatu tulizokaa mle ndani sidhani kama tulimaliza kilomita nne. Hakuna aliyetuharakisha.

Katika mwendo huo wa taratibu ndipo kijana alipotusimamisha mbele ya jiwe kubwa lililolowa, kivulini, hatua chache kutoka mtoni. Mimi sikuona kitu. Akaniambia, "Bibi, inama kidogo." Katika ufa wa jiwe palikuwa na kichane cha majani ya mviringo, manene, yenye manyoya laini kama sikio la paka mchanga. Katikati yake maua matatu ya zambarau, madogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kila moja na kidoa cha njano. Tone la maji lilikuwa likidondoka kutoka juu ya jiwe, linalitikisa jani moja, linatulia, kisha linakuja jingine. Mjukuu wangu akakunja mikono nyuma mwenyewe, bila kuambiwa, asije akaligusa.

Ua lile lina historia. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote na kukaa kwenye madirisha ya watu wasiojua Muheza iko wapi. Waingereza huliita African violet, na Wajerumani mpaka kesho wanaliita Usambaraveilchen. Jina la milima yetu limo ndani ya jina la ua hilo. Mimi nimezaliwa kilomita zisizofika 70 kutoka kwenye jiwe lile, na nimeliona likiwa kwenye mwamba wake nikiwa na miaka 63. Nilipolitazama nilitokwa na machozi, na sioni aibu kulisema hapa.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwamba bonde la Zigi lifanywe mahali ambapo mtoto wa Tanga anapelekwa kutembea kwa miguu walau mara moja kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Nikiwa kazini niliwahi kusafiri na wanafunzi kwenda kutazama wanyama mbali sana. Shule sitaitaja, ilikuwa na nia njema. Wazazi walichanga fedha nyingi kwa shida, fedha ikaishia kwenye mafuta ya basi, na watoto wakaona wanyama kupitia dirishani, wengi wao wakiwa wamelala kwa uchovu. Wale wale tungewapeleka Zigi kwa sehemu ndogo ya fedha ile, wakarudi nyumbani jioni ile ile, wakiwa wamejifunza kwa miguu yao.

Maana kuna mambo ya kujifunza ambayo ubao hauwezi. Kijana wetu alituonyesha msambu, mti wenye matunda makubwa mazito ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kisha akatuonyesha mti mwingine mrefu, mnyoofu, unaopendeza macho, akasema huu ni mgeni. Ni musizi, asili yake upande wa Ziwa Victoria. Wajerumani waliupanda Amani, na baadaye misitu ilipokatwa magogo hadi miaka ya 1980, mapengo yaliyoachwa ukayajaza wenyewe. Wanaousambaza ni hondohondo, wanaokula matunda yake na kutupa mbegu mbali. Wakati anaeleza, hondohondo wawili wakapita juu yetu, mbawa zinavuma kama mama anayepepeta mchele kwenye ungo. Mjukuu akauliza: "Sasa hondohondo ni mbaya?" Swali kama hilo sijawahi kuulizwa darasani.

Na kuna suala la maji yenyewe. Ndani ya hifadhi, Julai, mvua zimepita, maji yalikuwa maangavu, unahesabu kokoto. Chini ya miti ardhi ni majani yaliyooza, ukikanyaga inabonyea kama godoro. Hapo ndipo mvua ya masika inapojificha na kutoka kidogo kidogo hadi kiangazi. Tulipotoka nje ya mpaka, tukakuta shamba la mihogo karibu sana na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka mtoni. Mjukuu wangu alihesabu hatua kutoka maji hadi shina la kwanza la muhogo: 11. Simlaumu mkulima yule, ana watoto wa kulisha, na najua wapo wakulima wa bonde hilo waliojiunga katika umoja wao wa UWAMAKIZI ili kuyatunza mazingira ya mito ya Kihuhwi na Zigi. Ninachosema ni kwamba sisi tunaofungua bomba mjini tunadaiwa nao, na mtu hulipa deni kwa moyo zaidi akishafika kwa anayemdai.

Najua nitaambiwa kutembea bila shughuli ni mambo ya Wazungu. Nimeambiwa hivyo na ndugu zangu mwenyewe. Nawakumbusha kwamba Wasambaa na Wabondei wameyatembea mabonde haya tangu enzi za mababu, na kina mama wa kijiji cha Kisiwani bado wanapita njia zile na ndizi kichwani. Mgeni njiani pale nilikuwa mimi wa mjini. Na zamani watu walipokwenda kumtembelea ndugu kijiji cha pili hawakwenda wameinamisha vichwa. Walisimama wakaulizana mti huu ni gani, ndege yule analia nini. Elimu hiyo ndiyo iliyokuwa inapita kutoka kwa bibi hadi mjukuu, nayo tunaiacha ikatike.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo hayahitaji mabilioni. Vibao vya njiani viwe kwa Kiswahili, na jina la mti liandikwe kama wenyeji wanavyoliita, Kisambaa au Kibondei, kabla ya Kilatini. Nimetembelea misitu kadhaa nchini, na mara nyingi mtoto wa kijijini hukuta mti wa nyumbani kwao umeandikwa kwa lugha asiyoijua. Njia fupi ya bondeni itengwe kwa ajili ya wazee na watoto, yenye magogo ya kukalia, na kibaoni iandikwe ni mwendo wa muda gani kwa mtu wa kawaida. Vijana wanaoongoza wageni wafundishwe pia kuongoza wanafunzi, na walipwe kwa kazi hiyo, maana yule wetu alikuwa mwalimu bora kuliko wengi niliofanya nao kazi. Walimu nao wapange safari kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Masika njia zinateleza na mto si wa kuchezea.

Na kwako, Ndugu Mhariri, nina ombi la pekee. Gazeti linatupa kurasa za mpira kila siku, nami huzisoma. Tutengee hata robo ukurasa kila mwisho wa wiki kwa njia moja ya kutembea: inaanzia wapi, gari gani linafika, ina miinuko kiasi gani, utaona nini. Anza na Zigi, kisha Mbomole kule juu Amani, kisha Magamba kwa watu wa Lushoto. Watu hawaendi kwa sababu hawajui kwamba wanaweza.

Sisi wazee wa mtaa wetu tumeshaanza. Jumamosi ya kwanza ya Juni tunakwenda watu 14, tukiwemo wanane wenye fimbo, na kila mmoja ameambiwa aje na mjukuu. Mwandishi wako anakaribishwa. Avae raba na soksi ndefu, suruali aiingize ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na machungwa tutanunua Muheza.

Mwalimu mstaafu,
Tanga