Barua kwa mwanangu: Iache mikwamba ya Pongwe

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Tongoni hatujambo. Mguu wa mama yako umetulia, ameshaanza kuingia jikoni, na anakusalimu sana. Picha za kiwanja chako cha Pongwe nimeziona. Hongera, mwanangu, Mungu akujaalie uhamie kwa heri.

Umesema fundi anataka kuleta greda lisafishe kiwanja chote kabla ya kuchimba msingi. Msingi achimbe. Lakini kule nyuma, kwenye vile vichaka vyenye fito nyembamba za kahawia iliyoiva, nakuomba greda lisifike. Ile ni mikwamba. Nimeitambua hata kwenye simu, maana fito zake nimezikata tangu ujana wangu, na madema ya kutegea samaki yaliyokulipia ada yalisukwa kwa hizo hizo.

Najua mumeo anataka michongoma kwa ajili ya wezi. Basi avute seng'enge kwenye mpaka, na mikwamba ibaki mbele yake. Mkwamba kwa kawaida hufika mita 2 au 3, hauchagui udongo, na ukikatwa huchipua tena tangu shinani. Mvua zikishika hutoa vijiua vya kijani-manjano vinavyoita nyuki, kisha matunda meupe yasiyozidi punje ya pilipili manga. Utamu wake ni mdogo tu, lakini watoto huyachuma, na ndege ndio hawana simile. Shore huwahi alfajiri. Kuzumburu huja kundi zima, mikia mirefu ikining'inia, wakakaa mpaka tawi linainama. Yanayodondoka huokotwa na kwale. Na ndege akishameza, mbegu hutoka nzima mahali pengine, ukaona mkwamba umeota pasipo mtu kuupanda.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayonikaa moyoni zaidi. Wale kunguru weusi waliletwa Unguja miaka ya 1890, sasa wameujaza mwambao wetu wote, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kiota cha shore ni kikombe kilicho wazi juu, hakina kifuniko. Kikiwa kwenye mti mpweke uani, kunguru hukiona toka mbali. Ndani ya kichaka kilichosongamana vijiti, baadhi vyenye ncha kali, ndege mdogo hupenya na kunguru hupata tabu. Ukuta wa tofali hauwezi kumfanyia shore hilo, hata uupake rangi gani.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mikwamba iko dume na jike, kila kimoja shina lake. Dume halizai hata uliloweshe maji mwaka mzima, na jike peke yake bila dume karibu nalo hukosa matunda. Maua yakitoka, chuma moja ulitazame kwa karibu. La dume huwa katika kishada chenye maua mengi, na vijiuzi vyake vitano hutokeza nje. La jike lina kijidonge cha kijani katikati, na maua yake kwa kawaida ni machache kuliko ya dume. Ukiwa na dume moja kati ya majike kadhaa inatosha, nyuki watamaliza kazi.

Ukitaka kuongeza, usihangaike kununua miche ya mapambo. Kata kijiti kilichokomaa kwenye shina jike, kichomeke ardhini mvua zikiwa zimekolea, utapata jike. Kijiti cha dume kitakupa dume. Mbegu nazo huota, ila hutajua umepanda nini mpaka maua yatoke. Mwagilia mpaka ushike, baadaye mvua zinautosha.

Kijana wa bustani asiichonge mikwamba mraba kila mwezi kama waifanyavyo kule mahotelini, atakuwa anaondoa matawi yenye maua. Ipunguzwe mara moja, matunda yakishaisha, baada ya kuhakikisha hakuna kiota ndani. Na dawa za kuua wadudu usiruhusu zipulizwe pale. Shore hulisha makinda yake wadudu, hayalelewi kwa matunda peke yake.

Kabla greda halijaja, funga vitambaa vyekundu kwenye majike na vyeupe kwenye madume. Kisha uende mwenyewe ukamwoneshe dereva mpaka wake, usimtume mtu. Masika yakianza nitapanda basi nije na panga langu, tukate vijiti vya kupanda upande wa barabarani.

Nisalimie mkwe wangu, na wajukuu uwabusu wote.

Ni mimi baba yako,
Tongoni, Tanga