Muvi za kuliza sio sanaa ya bei rahisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu ile makala ya ukurasa wa burudani iliyodai muvi za kuliza watu ni sanaa ya bei rahisi, eti dairekta akikosa stori anaweka muziki wa huzuni na mtoto mgonjwa basi kamaliza. Mi sikubali. Mtu mzima kakaa kwenye kiti, anajua fika wale ni waigizaji na wamelipwa, alafu bado machozi yanamtoka, hiyo kazi sio ndogo na inastahili heshima yake.

Chukulia Stella Dallas ya mwaka 1937, dairekta King Vidor, steringi Barbara Stanwyck. Stella ni mama wa hali ya chini, mavazi yake yanachekwa na matajiri, na siku moja anagundua kwamba yeye mwenyewe ndo anamzibia binti yake njia. Basi anajifanya hamtaki mtoto, anajifanya kachoka kulea na anataka kula maisha, ili binti aumie aende akaishi kwa baba yake mwenye uwezo. Mwishoni binti anaolewa kwenye jumba kubwa na mama yake hayumo ndani, yuko nje kwenye mvua pamoja na wapita njia, anachungulia dirishani. Polisi anakuja kuwaondoa watu na yeye anamuomba amuache kidogo tu auone uso wa bibi harusi. Na kuna kitu ambacho wengi wanakipita haraka: mapazia ya lile dirisha hayakuachwa wazi kwa bahati, ni mama wa kambo kaagiza yasifungwe, maana na yeye ni mama na alishaelewa Stella alifanya nini. Binti hajui. Hapo ndo pananimaliza kila nikiiangalia.

Sasa angalieni ilivyotengenezwa. Mimi mtazamaji najua kila kitu, najua mama anampenda, najua yuko nje analowa, na binti aliye hatua chache tu kutoka pale hajui chochote na mimi siwezi kumwambia. Kinachotoa machozi ni huko kujua na kushindwa kusaidia, muziki unakuja kuongezea tu. Ndo maana mtu anarudia muvi ileile na analia palepale, tena anaanza kulia mapema zaidi kwa sababu safari hii anajua kinachokuja. Muvi ya upelelezi ukishamjua muuaji utamu umepungua, ya kuliza inazidi. Titanic ya 1997 watu waliingia ukumbini wakijua meli inazama, hakuna siri hapo, na wengi walirudi kuiona tena na tena, na ikachukua Oscar 11.

Alafu makala ilisema hizi muvi hazina la maana la kusema kuhusu jamii. Jamani, Imitation of Life ya dairekta Douglas Sirk ilitoka 1959, miaka 5 kabla Marekani haijapitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na ndani yake kuna Annie, mama Mweusi anayefanya kazi za ndani, na binti yake Sarah Jane ambaye rangi yake ni nyeupe kiasi kwamba watu wanamchukulia kuwa Mzungu, na yeye anataka ibaki hivyo. Anamkana mama yake. Kuna sini ambayo Annie kasafiri mbali kumfuata, anamkuta anafanya kazi ya kucheza dansi, mwenzake anaingia chumbani ghafla, na mama mwenyewe bila kuombwa anasema alikuwa yaya wake. Anajifuta umama ili mwanae asiumbuke! Niambieni hotuba gani ingeeleza ubaguzi unavyoingia mpaka ndani ya familia kuliko hiyo dakika moja. Sarah Jane anarudi siku ya mazishi, mwimbaji wa injili Mahalia Jackson kaimba kanisani, na anaangukia jeneza akiomba msamaha ambao mama hausikii tena. Juanita Moore na Susan Kohner, waliocheza mama na binti, wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar kwa hizo nafasi.

Huyo Sirk kwa miaka mingi wahakiki walimuona wa kuliza wanawake tu, mpaka miaka ya 70 ndo akaanza kuheshimiwa, dairekta Rainer Werner Fassbinder wa Ujerumani akimfuata wazi kabisa. Sirk aliondoka Ujerumani mwaka 1937, mke wake wa pili alikuwa Myahudi, na mtoto wake wa kiume alibaki kwa mama yake mzazi, mke wa kwanza wa Sirk, aliyekuwa mfuasi wa Wanazi, Sirk asimuone tena, na kijana akafa vitani 1944. Mi naamini mtu aliyepitia hayo akikuonyesha mzazi na mtoto wametenganishwa hakudanganyi.

Zipo mbovu, sikatai, zile ambazo mhusika anarundikiwa mabalaa tu, leo ajali kesho kansa, na yeye hana analolichagua. Nzuri zinampa mtu uamuzi ambao pande zote unauma. Mwigizaji Nargis kwenye muvi ya Kihindi Mother India ya 1957 anampiga risasi mwanae mwenyewe, kipenzi chake, kwa sababu kamteka binti wa watu na heshima ya kijiji ni kubwa kuliko uchungu wake. Huo ndo uzito ninaousema.

Na sio lazima mtu apige kelele. Brief Encounter ya 1945 ya David Lean, wapenzi wawili ambao kila mmoja ana ndoa yake wanaagana kwenye mgahawa wa stesheni kwa mara ya mwisho kabisa, mama mmoja mwenye maneno mengi anakuja kukaa nao na kuharibu kila kitu, na mwanaume treni yake ikifika anachoweza ni kumbana bega mwanamke na kuondoka. Hakuna busu wala kwaheri ya maana. Miaka 80 imepita na watu bado wanaizungumzia hiyo bega.

Ombi langu kwenu, mtenge nafasi kila wiki ya kuzichambua hizi muvi za zamani sini kwa sini kama mnavyochambua mechi za mpira, na mwandishi wenu nae aziangalie kwanza mpaka mwisho kabla hajaandika tena.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenzi wa sinema