Kikapu kitupu na kikapu kisichokuwepo

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali la mwisho limenichekesha, kwa sababu liliwahi kuninyima usingizi. Unauliza: katika lugha ya programu ya Java, ukitaka kujua kama ArrayList (orodha ya kuwekea vitu) haina kitu, uandike size() == 0 au isEmpty()?

Kwa ArrayList jibu ni lile lile, na kasi ni ile ile. Orodha hiyo huhifadhi ndani yake namba ya vitu ilivyobeba, na methodi zote mbili (yaani amri hizo, size() na isEmpty()) huitazama namba hiyo tu. Hakuna kinachohesabiwa upya. Mimi huandika isEmpty() kwa kuwa anayesoma anaelewa papo hapo ninachouliza. Tena zoea hilo litakufaa siku utakapotumia ConcurrentLinkedQueue (aina ya foleni), maana huko size() huipitia foleni nzima, ilhali isEmpty() huchungulia mwanzoni tu.

Sasa nikusimulie kilichoniliza. Nilipokea orodha kutoka methodi nyingine, nikaikagua kwa isEmpty(), nikaenda kulala roho kwatu. Asubuhi nakuta programu imeanguka kwa NullPointerException (kosa la kugusa kitu kisichokuwepo), na mstari uliotajwa ni ule ule wa ukaguzi! Kumbe methodi ile ikikosa matokeo ilikuwa inarudisha null, yaani hakuna orodha kabisa. Kikapu kitupu utakichungulia. Kisichokuwepo utakichungulia wapi? Nikaongeza sharti la pili, lakini kwa pupa nikaliweka nyuma:

if (!orodha.isEmpty() && orodha != null)

Ikaanguka tena. Penye alama hiyo ya "na" katikati, Java huanza na sharti la kushoto, na hilo likiwa si kweli, la kulia haligusi kabisa. Kwa hiyo swali la null lazima litangulie, ndipo liwe ngao.

Hata hivyo, ngao kila mahali inachosha. Afadhali methodi inayotoa orodha irudishe Collections.emptyList(), yaani orodha tupu, pale inapokosa kitu (ila usijaribu kuiongezea kitu orodha hiyo, itakukatalia). Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyebuni null mwaka 1965, mwenyewe alikuja kuiita mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni moja. Mimi sina hata senti ya kuchangia hapo, lakini usiku wangu mmoja uhesabiwe.

Jambo jingine, usichanganye nafasi na idadi. Ukiandika new ArrayList<>(50), umetenga nafasi 50 lakini isEmpty() itajibu true, na ukiita get(0), yaani kuomba kitu cha kwanza, utapata IndexOutOfBoundsException (kosa la kuomba nafasi isiyo na kitu). Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hili halivumi mpaka ulitie mkono. Kinyume chake, ukiongeza null ndani ya orodha, hiyo nayo inahesabiwa: size() ni 1, orodha si tupu tena, ingawa ukikitoa hicho kitu hupati cha maana.

Nimeupitia na ule msimbo ulionitumia. Ile if uliyoiweka juu ya kitanzi cha for iondoe tu. Orodha ikiwa tupu, kitanzi hakizunguki hata mara moja, kwa hiyo ulikuwa unauliza jambo ambalo for ilishalijibu. Iache pale chini tu, unapotafuta wastani, maana pale unagawanya kwa size().

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi swahiba wako