Barua ya wazi kwa Mkaguzi wa Mifugo wa Jimbo: punda wa Kabare asife mvuani

Bukavu, Kivu Kusini, Kongo, Julai

Bwana Mkaguzi,

Mimi ni mtoto wa mama mbebaji. Miaka mingi mama alishuka kutoka Kabare, akapita Ciriri, akaingia soko la Kadutu hapa Bukavu na gunia la muhogo mgongoni, kamba imemkaza paji la uso. Alama ya kamba haijamtoka hadi leo. Kwa hiyo siku shirika moja lilipotuletea punda wawili kijijini, nilishangilia kuliko wote.

Mmoja alikufa mwezi wa Novemba. Hakupigwa, hakunyimwa majani. Alilala nje kwenye mvua usiku baada ya usiku, akaanza kukohoa, kisha akashindwa kusimama. Hakuna aliyetuambia kwamba asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika, na kwamba manyoya yake hayazuii maji kama ya ng'ombe: yanalowa hadi kwenye ngozi. Sisi huku mvua ni Septemba mpaka Mei! Kwato nazo zikishinda matopeni zinalainika, zinaoza. Mwenye punda, mama mjane, alirudi kwenye kamba wiki ileile, na deni la shogi (tandiko la kumbebeshea punda mizigo) alilonunua kwa mkopo hajamaliza kulipa.

Sasa watu wanasema punda hafai milima yetu. Usikubali, Bwana Mkaguzi. Anafaa, ila hatukumjengea. Nguzo nne, bati na sakafu iliyoinuliwa vingemwokoa. Punda wa kilo 150 anachukua kama kilo 50 bila kuumia, ikiwa shogi limetandikiwa vizuri na halikandamizi uti wa mgongo. Kilo 50 hizo mama zetu wanazibeba kila siku ya soko, na mara nyingine zaidi, wakati wenyewe hawafiki kilo 60.

Kumpata mwingine si rahisi. Punda jike anabeba mimba karibu miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi nayo imewamaliza punda sehemu nyingi za Afrika, hata wakuu wa Umoja wa Afrika, Februari 2024, wakakubaliana kusimamisha kuwachinja kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Ninaomba shirika lolote lisiruhusiwe kugawa punda kabla mtu wa ofisi yako hajaliona banda kwa macho yake. Pale Kadutu patafutwe mahali penye paa na maji, punda angoje humo wakati mama anauza. Na daktari wa mifugo apande Kabare kutazama kwato na kutoa dawa ya minyoo. Mama zetu wako tayari kuchangia nauli yake.

Yule wa pili yu hai, na ana mimba. Vijana wamemwezekea banda nyuma ya nyumba yetu. Tunaomba daktari amwone kabla ya Septemba.

Mtoto wa mbebaji, Kabare