Hamisi anataka kuja Aachen

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Hujambo mpenzi? Watoto wazima? Baba Nadia je, na goti lake? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu, ila joto la safari hii halina adabu. Mama Salma anakusalimu, anasema lile deni la vitenge hajalisahau. Najua nimekuchunia muda mrefu, nawe umenichunia vilevile, kwa hiyo ngoma droo.

Haya, nimekuja na shida. Usigune kwanza. Ni mdogo wangu Hamisi.

Anataka kuja huko Ujerumani Agosti. Anaapa haji kutafuta maisha, anakuja kutazama farasi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kumbe mwenzangu hatanii. Mashindano ya dunia ya farasi ya 2026 yako Aachen, na eti kutoka hapo kwako Köln ni treni ya saa moja tu. Anachoomba ni barua ya mwaliko na pa kulaza ubavu. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Sasa niache nimtetee.

Bado anafanya kazi kulekule kwenye mabanda ya farasi ya njia ya Bagamoyo. Akirudi jioni ananuka nyasi kavu na jasho la mnyama, mkewe anamvulisha viatu uani. Simu yake ina ufa katikati ya kioo, lakini ndiyo sinema yetu. Humo ndimo nilimoiona michezo ya Paris 2024, upande wa farasi, kule Versailles.

Nikueleze, maana hata wewe uliye Ujerumani sidhani kama unaujua mchezo huu, wanauita eventing. Farasi ni yuleyule na mpandaji yuleyule, siku tatu. Kwanza ni kutembea kwa madaha mbele ya majaji, na kila kinachopungua kwenye mia kinakuwa pointi za adhabu. Siku ya pili ndiyo balaa lenyewe: kilomita tano na ushee za magogo, mitaro na madimbwi, shoti ya mita 570 kwa dakika. Farasi akigoma kuruka mara moja, 20. Kila sekunde ya kuchelewa, 0.4. Siku ya tatu wanaruka viunzi vya uwanjani, na fito moja ikianguka ni 4. Mwenye pointi chache ndiye bingwa.

Huyo Mjerumani wenu Michael Jung, Hamisi anavyomtaja utadhani wamenyonya ziwa moja. Paris alianza na 17.8, akamaliza na 21.8. Yaani mbio na viunzi vyote vile vilimwongezea 4 tu! Ikawa dhahabu yake ya tatu ya mtu mmoja mmoja, baada ya London 2012 na Rio 2016, na katika mchezo huo hakuna mwingine aliyefika hapo. Burton wa Australia alimaliza na 22.4, Laura Collett wa Uingereza 23.1. Piga hesabu mwenyewe: kati ya dhahabu na shaba kuna 1.3. Sekunde nne za kuchelewa zinaimeza. Na huyohuyo Jung, Tokyo alipewa adhabu ya 11 kwa sababu kiunzi kimoja kilifyatuka baada ya kuguswa, akaishia wa nane. Hamisi hajasamehe mpaka leo.

Mimi aliyenishika ni huyo Laura. Mwaka 2013 farasi alimwangukia, akalazwa siku sita hana fahamu, na jicho la kulia halioni tena. Akarudi kwenye tandiko! Tena wanawake hawatengewi mashindano yao, wote wanapambana pamoja. Mwanamke wa kwanza kuchukua dhahabu ya mtu mmoja mmoja ya mchezo huu Olimpiki ni Julia Krajewski, Mjerumani mwenzenu huyo, kule Tokyo 2021. Hapo ndipo nilipoacha kusonya.

Lakini Hamisi wala si wapandaji anaowafuata. Anasimamisha picha pale farasi anapovuka mstari wa mwisho siku ya pili, anasogeza kidole juu ya ule ufa: "Dada, tazama hawa." Watu wanakimbilia na ndoo. Mmoja analegeza mkanda wa tandiko, wa pili anamwaga maji ya barafu shingoni na mapajani, wa tatu anayakwangua kabla hayajapata moto, wanamwaga tena, wanamtembeza. Usiku miguu inawekwa barafu. Maana kabla ya viunzi vya siku ya tatu farasi anakaguliwa tena, anakimbizwa kidogo mbele ya majaji na daktari wa mifugo, na akichechemea, safari imekwisha, hata kama alikuwa anaongoza. Basi mdogo wangu anasema medali inalindwa usiku ule na masaisi, hao watunza farasi, ambao hata majina yao hayatangazwi. Hao ndio anaotaka kwenda kuwaona kwa macho. Nikose vipi kumwandikia barua mtu wa namna hiyo?

Nilimwuliza, mbona msipeleke farasi wa bosi wako? Akanicheka. Farasi wa huku kwetu kuingia Ulaya ni shughuli pevu. Kuna ugonjwa wa farasi unaenezwa na visubi, na pundamilia wanaubeba bila hata kuumwa. Mwaka 1987 pundamilia waliotoka Namibia waliuingiza Hispania, farasi wakafa. Hata wakubwa yamewakuta ya karantini: Olimpiki ya 1956 ilikuwa Melbourne, lakini farasi walishindania Stockholm kwa sababu ya sheria za Australia. Kwa hiyo farasi wetu haendi. Hamisi anaweza kwenda, akipata viza.

Na hapo kwenye viza ndipo ninapokuja kwako tena. Nauli tunaichangia kwenye kikoba. Bosi wake amekubali kumpa likizo na barua ya kazi. Ana mke, ana kiwanja Chanika, ana sababu zote za kurudi. Shemeji Kassim anasema atapotelea huko kama mtoto wa Mzee Pazi. Nimemwambia anyamaze. Ila Zuhura, na mimi kuna wakati namwangalia anavyotazama hiyo simu, halafu… basi, tuyaache.

Sasa nijibu. Barua ya mwaliko unaandika tu mwenyewe, au lazima uende ofisi ya serikali ya hapo ukasaini kwamba utambeba? Wanakudai uthibitisho wa mshahara? Baba Nadia ataridhika, au nimpigie mimi? Kile kitanda cha sebuleni bado kipo? Tiketi za siku ya mbio zinauzwaje, na ukisimama tu porini unalipa? Mwezi huo kuna baridi, nimtafutie koti pale Karume? Na Nadia siku hizi anavaa viatu namba ngapi? Akija, haji mikono mitupu.

Kama huna muda wa kuandika nitumie sauti, ila Hamisi asisikie kwanza. Ukisema haiwezekani, nitamwambia mwenyewe.

Wako,
Rehema