Risala ya Wazazi wa Darasa la Kiswahili, Woolwich, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Diwani, Mgeni Rasmi. Walimu, wazazi wenzetu na watoto, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye sherehe ya kufunga mwaka wa darasa letu la Jumamosi, hapa Woolwich, London.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu watoto wamejifunza Kiswahili kwa kutembea ndani ya Royal Arsenal, kiwanda cha zamani cha silaha. Karakana ya kusubu mizinga ya shaba ilijengwa humo 1717. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walifanya kazi humo watu wapatao 80,000, wanawake kwa maelfu. Kiwanda kilifungwa 1967, na jeshi likaondoka 1994. Watoto waliposimama chini ya saa ya jua ya karakana ya Dial Square, saa iliyowekwa 1764, hakuna aliyeuliza habari za mizinga. Waliuliza mpira. Ni kweli, wafanyakazi wa karakana hiyo ndio walioanzisha Arsenal mwaka 1886, kabla timu haijahamia kaskazini mwa jiji 1913. Wazazi washabiki wa Manchester United walivumilia.

Tunawapongeza waliokataa kubomoa. Majengo yale ya matofali sasa ni nyumba za kuishi, migahawa na ukumbi wa sanaa wa Woolwich Works. Maghorofa yamepanda kando ya mto Thames, na tangu Mei 2022 treni ya Elizabeth line inasimama humo humo. Mtaa umependeza, hatubishi.

Ila lango kuu la kiwanda, Beresford Gate, liko ng'ambo, sokoni. Barabara iliyopitishwa miaka ya 1980 ililitenga na kiwanda chake. Upande huo wa soko ndiko tunakoishi wengi wetu na kununua ndizi za kupika na mihogo. Kodi za kule kwenye maghorofa hatuziwezi, na za huku nazo zinapanda.

Kwa hiyo tunaomba chumba kimoja katika majengo yale ya kale, Jumamosi asubuhi, kwa bei ya vikundi vya jamii. Tunaomba pia ujenzi unaofuata ukijadiliwa tuitwe mapema, si kuonyeshwa michoro msingi ukiwa umeshachimbwa. Na zikitajwa nyumba za bei nafuu, bei hiyo ipimwe kwa mshahara wa mfagizi na wa mhudumu wa wazee, maana ndizo kazi zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.