Shoga, yule bosi anayefoka ni mimi

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Tunu,

Barua yako nilianza kuisoma ndani ya daladala nikaikunja, machozi yalikuwa yananilengalenga na kondakta ananitazama. Nimeimalizia nyumbani. Hivi kweli huyo meneja wenu alikurushia faili mbele ya wateja? Na wewe ukainama kuokota karatasi. Hapo pa kuokota karatasi ndipo paliponimaliza. Halafu unaniuliza nikushauri nini, kwa kuwa eti mimi nimezoea kuishi na wanaume wakali saiti ya ujenzi. Shoga, umegonga mlango wa mwizi kuripoti wizi. Saiti mkali ni mimi.

Sikuwahi kukusimulia. Nilipopewa usimamizi, miaka mitatu iliyopita, aliyenikabidhi saiti aliniambia, "Mwanamke ukicheka na mafundi watakuzoea." Nikalishika hilo neno kuliko hata ramani ya jengo. Nikajifunza kufoka. Saa moja asubuhi sauti yangu inafika kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Siku moja akaniambia yeye hahitaji saa, akinisikia tu anajua muda wa kubandika chai. Nilicheka, nikadhani ananisifu.

Kijana akichelewa na karai, namfokea. Nondo ikikatwa fupi, namfokea aliyekata, aliyepima na aliyesimama karibu. Ukiniuliza nakwambia ndivyo nilivyozaliwa, kwetu tuna hasira za karibu. Uongo mtupu. Mhandisi mshauri anakuja kila Jumanne kwenye kikao, ananikosoa mbele ya watu, mengine ya kunionea kabisa, na mimi naitikia "sawa mhandisi, tutarekebisha" kwa sauti ya mtu aliyeko msibani. Mwenye jengo ndiyo usiseme. Hasira yangu ilikuwa inazijua ngazi vizuri sana, haikuwahi kukosea njia hata siku moja ikapanda juu.

Sasa nikwambie habari ya nguzo.

Mwaka jana, mwezi wa nane, tulikuwa tunamwaga zege la nguzo za ghorofa ya pili. Zege si uji, kwamba ukishamimina umemaliza. Lazima litetemeshwe na vaibreta, mashine yenye mpira mrefu unaouingiza ndani ya boksi la mbao, hewa itoke, zege lishuke lizikumbatie nondo zote. Siku hiyo vaibreta ilizima zikiwa zimebaki nguzo mbili. Saidia fundi aliyeishika ni kijana mdogo tu, na jana yake nilikuwa nimemwita mjinga mbele ya wenzake kwa sababu ya petroli kidogo iliyomwagika. Basi akanyamaza. Wakatafuta kipande cha nondo, wakashindilia kwa mkono juu juu, wakafunga kazi. Mimi nilikuwa chini getini, nagombana na dereva wa boza la maji.

Tulipovua mbao kesho kutwa yake, sehemu ya chini ya zile nguzo mbili kokoto zimetoka nje kama meno, kuna matundu ya kuingiza ngumi, na nondo zinaonekana. Nilihisi baridi, na jua lilikuwa la saa sita. Nilikuwa chuo lile ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya jiji, Ijumaa Kuu ya 2013, wakafa watu 36. Lile lilikuwa na dhambi zake, kibali chenyewe kilikuwa cha ghorofa 10. Lakini tangu mwaka ule, nikiona nondo iko uchi ndani ya zege, naona lile vumbi.

Na karatasi zingesema tuko salama! Kila tunapomwaga, tunachukua zege kidogo tunajaza kwenye viboksi vya chuma vya sentimita 15 kila upande, kisha maabara wanavivunja vile vipande siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu. Vya siku hiyo vilifaulu vyote. Visifaulu kwa nini? Mchanganyo ulikuwa mzuri, tena vilishindiliwa vizuri, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Kilichoharibika kilikuwa mahali nisipotazama, na watu wanne walikijua tangu dakika ya kwanza.

Nikawaita wote wanne. Sauti yenyewe ilikuwa imenikauka. Nikauliza kwa nini hamkuniambia. Kimya. Kuna mzee mmoja fundi seremala, ananiita binti yangu tangu siku ya kwanza, akavua kofia, akasema, "Binti yangu, hapa anayesema kimeharibika ndiye anayegeuka kuwa aliyekiharibu." Akavaa kofia yake, akarudi kwenye mbao zake.

Nguzo zote mbili tulizivunja kwa nyundo, siku tatu. Gharama niliieleza mwenyewe kwenye kikao cha Jumanne, nikasema kosa ni langu.

Yule kijana nilimwomba radhi palepale kwenye mkusanyiko wa asubuhi, maana tusi lenyewe sikumpa chemba. Alitazama viatu vyake muda wote, nafikiri nilimwaibisha mara ya pili. Kisha nikaanza kuuliza kila asubuhi, "Jana kiliharibika nini?" Wiki mbili nzima jibu ni "shwari, madamu". Wiki ya tatu mmoja akasema mifuko sita ya saruji imelowa na mvua, na aliyesahau turubai ni yeye. Shoga, matusi yalikuwa yameshafika kwenye meno. Nikanywa maji nusu chupa nimesimama, nikamwambia asante, itenge. Lakini Alhamisi iliyopita nimemfokea tena yule dereva wa boza. Jioni nikampigia simu, hakupokea.

Haya, tuje kwako. Sikuandikii haya ili umhurumie meneja wako. Kuna kitu anakiogopa, mimi pia niliogopa tarehe ya kukabidhi jengo, lakini hiyo ni shida yake, si ya karatasi zako. Wala usikae kumsubiri abadilike. Mimi ilibidi zivunjwe nguzo, yeye wa vitabu vya hesabu atavunja nini?

Ila kuacha kazi kwa uchungu wa usiku mmoja nakukataza. Nunua daftari, uandike tarehe, saa, alisema nini, nani alikuwepo. La faili liwe la kwanza, na yule mwenzako wa stoo aliyeona mwombe sasa, kabla hajaanza kusahau. Mwendee meneja asubuhi, akiwa peke yake na hajaharibikiwa na siku, umwambie: kazi nikosoe, vitu usinirushie. Usiongeze neno. Asiposikia, mwandikie mwenye kampuni, nakala ubaki nayo. Na ukifika mahali pa kuondoka kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua hata mtu aliyeacha kazi mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, anahesabiwa kama aliyeachishwa. Lakini malalamiko hayo yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuacha kazi. Watu wanakaa nyumbani wakilia mpaka siku zinapita, halafu wanaanza kuhangaika kuomba waongezewe muda kabla hata ya kusikilizwa. Siku 30, Mama Tunu, ziandike ukutani.

Ukishaongea naye nipigie, hata iwe usiku wa manane. Sisi Jumamosi tunamwaga slabu ya tatu, ile sakafu ya zege. Vaibreta ziko mbili, ya akiba anaitunza yule kijana, na hataki mtu mwingine aiguse.

Dagaa usiwape basi la usiku tena, mara ile walifika wamelowa. Nibusie Tunu.

Mimi shoga yako,
Mama Juma